Mbwa Aitwaye Njia Yangu

Itangazwe kwa wakazi wote wa mtaa wetu wa Cyangugu, kuanzia wanaoishi juu karibu na kanisa mpaka wanaoishi chini kabisa ambako mitumbwi hufungwa, kwamba baada ya utafiti wa kina, wa kisayansi na wa siku mbili, idadi ya wanyama wafugwao majumbani sasa inajulikana bila shaka yoyote: mbwa ni mia nane, na paka ni mmoja.

Tangazo hilo lilibandikwa mlangoni pa Kamati ya Mbwa na Paka siku ya Jumatatu, mwezi wa nane. Paka watatu walikuwa wamelala chini yake.

Mbwa walihesabiwa na veterineri Mutabazi, daktari wa wanyama, mtu mpole mwenye buti za mpira, kwa njia ambayo aliisomea. Jumamosi asubuhi alipita mtaani na kopo la rangi ya buluu, akampaka kila mbwa aliyemkuta mstari mmoja mgongoni. Walikuwa sitini. Jumapili baada ya misa alipita tena, akahesabu wote aliowaona, wenye mstari na wasio nao. Aliona themanini. Wenye mstari walikuwa sita tu. Akakaa kwenye ngazi za kanisa, akapiga hesabu nyuma ya karatasi ya kalenda: ikiwa wale sitini wamepotea hivi ndani ya umati, basi umati ni mkubwa. Sitini mara themanini, gawanya kwa sita. Mia nane.

Hesabu haikuwa na kosa. Ila rangi ilikuwa ya maji, na Jumamosi mchana mtu asiyejulikana aliwaosha mbwa wapatao hamsini kwa sabuni ya unga. Benitha, binti wa Mzee Munyemana, aliyekuwa likizoni kutoka shule ya bweni ya masista, alikuwa chumbani akisoma biolojia.

Paka walihesabiwa kwa kuuliza nyumba kwa nyumba. Walipatikana mia mbili na kumi na wawili, na wote waliitwa Minou. Kompyuta ya kamati, ambayo ilikuwa imefundishwa kufuta majina yanayojirudia, ilibakiza mmoja.

Maman Uwimbabazi, mwenyekiti wa kamati, alisoma idadi ya mbwa mara mbili, kisha akaomba kiti. Mtaa una nyumba mia mbili na arobaini. Mbwa mia nane walikuwa jeshi. Siku hiyohiyo alitoa amri: kabla ya Ijumaa kila mbwa aandikwe kwenye fomu, na awepo mtu mzima mmoja wa kumwekea sahihi. Mbwa asiye na sahihi atapewa nyama yenye dawa ya kuua. Nyama ilikuwa imeshaagizwa.

Amri hiyo ilimkuta Mwavita akiosha beseni lake la sambaza.

Mwavita alizaliwa Bukavu, akaolewa Cyangugu, akabaki mjane katika nyumba ya marehemu mumewe. Kila alfajiri huvuka daraja la Rusizi akiwa na beseni la samaki hao wadogo kichwani, na saa sita mchana hurudi nalo tupu. Kwa miaka kumi na tisa alitoka mlangoni kwake, akapita kando ya mparachichi wa jirani yake Munyemana, akafika barabarani kabla wimbo wa kanisa haujafika ubeti wa tatu. Mwaka juzi Munyemana alijenga ukuta wa matofali katikati ya njia hiyo. Munyemana alikulia Kongo, akarudi na kuanza maisha upya, ni msimamizi wa kwaya, na watu humsikiliza. Alisema njia ilikuwa ndani ya kiwanja chake. Mwavita alilalamika mara tatu, na mara tatu aliambiwa alete karatasi. Njia ile ilikuwa na nyayo. Karatasi haikuwa nayo.

Tangu hapo Mwavita huzunguka kwa nyuma, kupitia korongoni. Ni nusu saa wakati wa kiangazi. Wakati wa mvua ni kadiri Mungu atakavyo.

Hakugombana. Alitafuta mbwa.

Mtaani kwetu jina la mbwa halimlengi mbwa. Limekusudiwa lisikike upande wa pili wa ua. Mtu aliyesengenywa hufuga mbwa akamwita Batachoka, yaani watachoka wenyewe. Mtu aliyemsaidia shemeji asiye na shukrani humwita mbwa wake Nilikupa-Chumvi, akamwita kwa sauti kubwa shemeji anapopita. Ni ustaarabu. Hakuna aliyetukanwa, mbwa ndiye anayeitwa. Mwavita alimpata mbwa wa rangi ya udongo, akamwita Njia Yangu, na kila alfajiri kabla ya kuondoka alisimama ukutani na kuita.

"Njia Yangu! Njia Yangu, uko wapi? Kuya twende!"

Munyemana alikuwa akiongeza sauti ya redio.

Mbwa mwenyewe hakujua siasa. Alitangulia korongoni, akasimama kwenye kila jiwe linaloteleza mpaka Mwavita alipolivuka. Hiyo ndiyo kazi aliyojipa, na hakuwahi kukosa siku.

Basi fomu zilikuja. Zilikuwa kwa Kinyarwanda, na kwa kuwa wafanyabiashara wengi wa mtaa husoma Kiswahili, kamati iliomba zitafsiriwe. Safu ya kwanza ilikuwa jina la mbwa, ya pili rangi, ya tatu dume au jike. Safu ya nne ilitakiwa kuwa mwenye mbwa, yaani mtu atakayewajibika. Mfasiri, ambaye hadi leo hajulikani, aliandika neno moja: Mhusika. Benitha wakati huo alikuwa akimsaidia mama yake kuchambua maharage.

Jumanne Mutabazi alifika kwa Mwavita na kalamu.

"Maman, jina ya imbwa?"

"Njia Yangu."

"Rangi?"

"Si unaiona? Ya udongo."

"Dume ao dike?"

"Dume. Unaona vile iko na kiburi."

"Sasa hapa, muhusika. Muhusika ni nani?"

Mwavita alitua beseni chini.

"Unaniuliza ile jina inamuhusu nani?"

Mutabazi aliitazama fomu. "Ndiyo vile baliandika."

"Papa Mutabazi, miaka mbili niko nangojea muntu aniulize ile swali. Andika Munyemana. Munyemana na ukuta yake."

"Ukuta haina nafasi, Maman."

"Basi andika Munyemana peke. Ukuta atakuya nayo."

Mutabazi aliandika. Alipita nyumba zote, na katika kila nyumba watu walielewa hivyohivyo. Wengine walishukuru kwamba hatimaye serikali imejali. Waliandikwa mashemeji, mawifi, wapangaji waliohama, na wanawake watatu wa saluni. Mbwa wote wa mtaa, kwa kuhesabu fomu, walikuwa mia na ishirini na watatu. Kamati ilihitimisha kwamba mia sita sabini na saba wamejificha.

Fomu zilipigwa muhuri Jumatano jioni. Alhamisi asubuhi mbwa waliamka, wakajinyoosha, wakaenda kwa wahusika wao.

Hapakuwa na vurugu. Nilikupa-Chumvi alitembea hadi kwa shemeji, akakaa mbele ya mlango wa jikoni. Munaseka-Nini alikaa mbele ya saluni akiwatazama wale wanawake watatu mpaka wakanyamaza. Ulisema-Utarudi, mbwa wa Christelle, ambaye mchumba wake alivuka mpaka asirudi, alishuka hadi darajani na kupanga foleni nyuma ya wanawake wenye ndoo za nyanya. Zamu yake ilipofika, afisa wa mpaka aliinama.

"Hii iko na jetoni, ile ruhusa ya kuvuka?"

"Haina jetoni," alijibu mwanamke wa nyuma. "Iko na jina tu."

"Jina nani?"

"Ulisema-Utarudi."

Afisa aliwaza kidogo, akatazama upande mwingine. Mbwa akavuka. Saa nne alikuwa Bukavu, mbele ya meza ya mtu aitwaye Ghislain, ambaye alikuwa anakula na mke wake, na ambaye hakumaliza kula.

Njia Yangu hakuwa na safari ndefu. Ukuta ulimzuia, kwa hiyo alizunguka korongoni kama alivyozoea, akatokea barabarani, akaingia kwa lango la mbele na kukaa juu ya zulia la mlangoni. Munyemana alitoka akiwa na madaftari ya kwaya.

"Toka," alisema.

Mbwa alitikisa mkia kwa heshima. Munyemana akambeba hadi kwa Mwavita kwa njia ndefu, viatu vikajaa udongo. Aliporudi alimkuta juu ya zulia. Akamwita Mutabazi, na Mutabazi akaeleza kwamba mnyama aliyepigwa muhuri hufuata karatasi, na kwamba hilo halina matibabu.

Siku hiyo Mwavita alipika vizuri. Alisimama ukutani, akasikiliza mbwa wake akijikuna upande wa pili, akaona kwamba mambo yameanza kwenda. Asichokuwa amekiwaza ni ile Ijumaa.

Ijumaa mchana mtaa mzima ulikaa kwenye viti vya plastiki mbele ya ofisi ya kamati. Wahusika waliitwa mmojammoja, kila mtu na mbwa wake miguuni. Juu ya meza kulikuwa na fomu, muhuri, na sahani kubwa iliyofunikwa kitambaa. Mbwa wote walijua kilichokuwa chini ya kitambaa isipokuwa dawa.

"Papa Munyemana," alisema Maman Uwimbabazi, "hii imbwa iko mbele yako. Fomu inasema muhusika ni weye. Unakubali ao unakataa?"

"Nikikataa?"

Mutabazi aliitazama sahani, kisha buti zake.

Ndipo Mwavita alipoelewa alichokiandikisha. Akasimama.

"Mie nilitoa fomu mubaya," alisema. "Mwandike mie. Imbwa iko yangu."

"Muhuri imeshapita, Maman. Ni muhusika peke anaweza."

Mwavita alimgeukia jirani yake. Hawakuwa wamezungumza ana kwa ana tangu ukuta ulipofika urefu wa kifua.

"Papa Munyemana, nakuomba. Kubali. Sema mbele ya batu kama jina inakuhusu. Imbwa iishi, na njia unirudishie. Sitasema kitu ingine."

Njia Yangu alijikuna sikio.

Munyemana ni mtu anayesoma kabla ya kutia sahihi. Alivaa miwani, akaisoma fomu kutoka juu mpaka chini. Akairudia safu ya kwanza. Kisha akavua miwani na uso wake ukatulia kama wa mtu aliyekumbuka mahali alipoweka funguo.

"Mie si muntu ya kuua imbwa," alisema. "Nakubali. Njia Yangu ikuwe yangu."

Watu walipiga makofi. Mwavita ndiye aliyeanza kupiga, na ndiye aliyeacha kwanza.

"Katibu aandike," alisema Maman Uwimbabazi akishika muhuri. "Andika: Njia Yangu ni ya Munyemana."

Katibu alikuwa wa muda. Alichaguliwa kwa sababu ya mwandiko wake, na jina lake halina umuhimu. Hapo alisimamisha kalamu. Kwa Kiswahili cha darasani, mbwa ni wa, njia ni ya. Ukiandika Njia Yangu ni wa Munyemana, hata mtoto wa darasa la nne atajua kwamba huyo ni mbwa. Lakini kwa Kiswahili cha mtaani kwetu mbwa ni ya, njia ni ya, mume ni ya, na askofu akipita ni ya parokia fulani. Ilikuwa tofauti ya herufi moja. Munyemana alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha katibu, akisoma. Kalamu ikaendelea. Muhuri ukashuka.

Jumatatu Mwavita alipeleka lalamiko lake la nne. Safari hii hakuambiwa alete karatasi, kwani karatasi ilikuwepo. Alionyeshwa. Njia Yangu ni ya Munyemana: imeandikwa kwa mwandiko safi, imepigwa muhuri, imeshuhudiwa na watu mia moja na arobaini waliopiga makofi, yeye akiwa wa kwanza.

Munyemana aliitundika nakala sebuleni, kando ya picha ya kwaya. Wiki hiyo kamati ilimpa pia cheti cha mfugaji bora, kwa kuwa alimkubali mbwa asiye wake. Njia Yangu alinenepa. Jioni Munyemana alitoka uani na sufuria ya mabaki, akaita kwa sauti ya kwaya.

"Njia Yangu! Njia Yangu, kuya kula!"

Upande wa pili wa ukuta kila neno lilisikika. Mwavita hana redio.

Mvua ya kwanza ilikuja mapema mwaka huu. Mwavita alipita korongoni peke yake, bila wa kumwonyesha jiwe linaloteleza, akaanguka. Hakuvunjika. Beseni lilibingirika hadi chini na sambaza zikamwagika. Zililiwa na yule paka mmoja wa mtaa, akiwa mahali kumi na nne kwa wakati mmoja.

Alikaa ndani siku mbili akikanda goti. Siku ya tatu alikwenda Giheke kwa dada yake, akarudi na mtoto wa mbwa ndani ya beseni: mweusi, miguu myeupe, masikio makubwa kuliko kichwa. Alimwandikisha kwa kamati siku hiyohiyo. Safu ya nne aliiacha wazi. Mutabazi alipomwambia ajaze, alijibu:

"Wacha. Ile itajijaza."

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi alasiri. Munyemana alikuwa uani kwenye kiti chake, Njia Yangu chini ya kiti. Benitha alikuwa barazani akipanga sanduku la shule, sare juu, madaftari chini, mtoto mwenye adabu ambaye taarifa hii imekwisha kumtaja kupita kiasi. Upande wa pili Mwavita aliita mara moja tu, bila kupaza sauti.

Mtoto wa mbwa alipenya kwenye tundu la maji chini ya ukuta. Alijikung'uta. Akampita Njia Yangu, wakanusana kwa adabu. Akampita Munyemana, ambaye tayari alikuwa ameinua miguu. Akapanda ngazi moja, akaanguka, akaipanda tena, akaenda kukaa juu ya kiatu cha Benitha.

Munyemana aliutazama ukuta.

"Maman Mwavita! Hii ingine jina yake nani?"

"Nani-Aliandika," ukajibu ukuta.

Munyemana alimtazama mtoto wa mbwa, akakitazama kiatu, macho yakapanda polepole mpaka kwenye uso wa binti yake.

"Benitha," alisema.

Hapa mwandishi wa taarifa hii analazimika kubadilisha nafsi, kutoka ya tatu kwenda ya kwanza.

Ni mimi. Sabuni ya unga ilikuwa ya mama, mikono ilikuwa yangu, na mbwa wa mwisho aliniuma kidogo. Biolojia sikuisoma. Nilitaka tu kuona sura ya Papa Mutabazi akihesabu, na sikujua kwamba mia nane ni namba inayoweza kuagiza nyama. Mfasiri asiyejulikana ni mimi pia. Mhusika nililiandika nikijua watu wataelewa nini, kwa sababu kwa miaka miwili nilikuwa nikiamshwa na Njia Yangu, na nilitaka siku moja kuona jina la baba kwenye fomu ya mbwa. Hayo mawili yalikuwa utani, na ningeweza kuyakiri hata kwa Sista.

La tatu halikuwa utani. Katibu wa muda nilikuwa mimi, na katika ngeli nina alama tisini na sita. Niliandika ya. Nilijua ni wa. Baba alikuwa nyuma ya kiti, nikasikia pumzi yake, nikaandika.

Niliyasema yote hayo uani, kwa sauti iliyovuka ukuta. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kama anavyosikiliza sauti ya pili ikikosea, kisha akarudi kwenye kiti chake. Jumatatu nilikwenda kwa kamati kuomba herufi moja ibadilishwe. Maman Uwimbabazi alinipokea vizuri. Alisema hati yenye muhuri hurekebishwa kwa ombi la mhusika peke yake. Mhusika ni baba. Baba anasema anawaza.

Mwavita bado anapita korongoni. Alfajiri nawafungulia lango, na mbwa wawili humsindikiza, mnene akitangulia na mdogo akijikwaa nyuma, jiwe kwa jiwe mpaka barabarani. Akishafika, wanarudi kila mmoja kwa mhusika wake. Lile tangazo la mbwa mia nane na paka mmoja bado liko mlangoni.

Wangu ni mlafi. Mpaka shule ifunguliwe, kila ninapotaka kumlisha sharti nisimame uani, mbele ya baba na mbele ya ukuta, niite kwa sauti: Nani-Aliandika? Nani-Aliandika? Huja mbio, masikio yakipepea, na hajawahi kukosea mtu.